Nusu ya sanduku ilibaki Likasi

LIKASI – Katika nyumba moja ya komini ya Kikula kuna sanduku la mbao lenye sanamu 18 za plastiki. Hakuna hata moja inayopita urefu wa kidole. Kuna mfupi mwenye ndevu na shoka, kuna mganga mwenye fimbo, kuna majitu ya kijani yenye meno ya nje, vibwengo, watu wa mifupa mitupu, na shetani mmoja mwenye mabawa. Zote zimepakwa rangi kwa mkono, na ukizisogeza karibu na dirisha utaona hata vifungo vya mikanda yao.

Mwenye sanduku ni fundi wa kuchora mabango. Ana miaka arobaini na sita. Wakaaji wengi wa Kikula wamekwisha kuiona kazi yake bila kumjua: ubao wa duka la dawa, kichwa cha mwanamke aliyesukwa kwenye mlango wa saluni, samaki juu ya ukuta wa nganda. Ameomba jina lake lisiandikwe hapa, na sababu yake itaeleweka mbele. Lakini habari ya sanduku amekubali itolewe, kwa sababu sanduku halikutimia. Zamani sanamu zilikuwa 35. Nyingine 17 ziliondoka Likasi kwa treni mwaka 1992, ndani ya kopo la maziwa, na mtoto aliyezibeba hajaonekana tena.

Vitu vya kutoka mbali

Sanamu hizi hazikutengenezwa Kongo. Ni za mchezo wa mezani unaoitwa HeroQuest, uliotoka mwaka 1989. Aliyeubuni ni Stephen Baker, na uliuzwa na kampuni kubwa ya michezo ya watoto Milton Bradley kwa ushirikiano na Games Workshop ya Uingereza. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na marafiki watatu, na baadaye ikajulikana kwa sanamu ndogo za vita: si vita vya Napoleon wala vya Hitler, ila vita vya hadithi, vyenye majitu, waganga na wafu wanaotembea.

Mwanzoni sanamu za namna hiyo zilikuwa za chuma laini chenye risasi ndani yake, na ziliuzwa moja moja kwa watu wazima wenye pesa na uvumilivu. Plastiki ndiyo iliyozifikisha kwa watoto. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa kwa nguvu ndani ya umbo la chuma kigumu, inapoa, inatolewa, na kazi inaanza tena. Kulichonga lile umbo ni gharama kubwa sana, lakini likishapatikana, linazaa sanamu kwa maelfu kwa bei ndogo. Hivyo sanduku moja la mchezo likaweza kubeba mashujaa wanne na maadui 31, pamoja na vyombo vya nyumbani 15: meza, kabati, rafu za vitabu, sanduku za hazina, hata jiko la ukutani.

Kiwandani hazikupakwa rangi. Mashujaa walikuwa wekundu watupu, majitu na vibwengo kijani, wafu weupe, na askari wenye kofia za pembe kijivu. Aliyetaka zaidi ya hapo alipaswa kuchukua brashi mwenyewe.

Namna zilivyofika

Likasi ya wakati ule ilikuwa mji wa Gécamines. Viwanda vya Shituru vilikuwa vinafanya kazi, na mainjinia wa Kibelgiji walikaa na familia zao katika nyumba za kampuni zenye miti mbele. Baba wa fundi alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo. Watoto wa nyumba ile walitumiwa zawadi kutoka Ubelgiji, na sanduku la mchezo lilikuwa mojawapo.

Mwaka 1991 uporaji ulioanzia Kinshasa mwezi wa Septemba ulienea mpaka miji ya Shaba, kama jimbo hili lilivyoitwa wakati ule. Wabelgiji wengi waliondoka kwa haraka. Familia ile ilichukua mizigo ya mkononi tu. Mama wa nyumba alimwambia mpishi achukue vya jikoni na vya watoto kabla wengine hawajafika. Mpishi alibeba sufuria, blanketi mbili, na sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya shujaa mwenye upanga. Mtoto wake alikuwa na miaka kumi na miwili.

Hakucheza peke yake. Jirani yao alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, mtu wa asili ya Kasai, aliyezaliwa hapa hapa Likasi kama watoto wake. Mwanawe na fundi walikaa kwenye benchi moja shuleni. Kijitabu cha kanuni kilikuwa cha Kifaransa kigumu, basi vijana walisoma kurasa mbili, wakakifunga, wakajitungia kanuni zao kwa Kiswahili. Walizipa sanamu majina. Yule mfupi mwenye shoka waliita Kafupi. Majitu yenye jicho moja na mkia waliita Jicho Moja, wa kwanza, wa pili na wa tatu. Askari wenye pembe waliita Mapembe. Aliyeshindwa mchezo alienda kuteka maji ya nyumba zote mbili.

Kituo cha treni

Yaliyofuata mwaka 1992 na 1993 yanajulikana katika kila nyumba ya Likasi, ya aliyefukuzwa na ya aliyebaki. Watu wa asili ya Kasai waliambiwa kwamba hapa si kwao. Nyumba zilivamiwa na nyingine kuchomwa moto. Makumi ya maelfu walikimbilia kituo cha treni na shule, wakalala chini ya mahema ya nguo na mifuko, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka Kamina, Mwene-Ditu na mbele zaidi. Wengine walingoja miezi. Wengine walikufa kwa magonjwa kabla treni haijafika, na wengine njiani. Wengi wa watoto waliopakiwa hawakuwa wameona Kasai hata siku moja.

Familia ya jirani ilikaa kituoni kwa majuma mengi. Mpishi alikuwa akiwatuma watoto wake kupeleka bukari usiku, kwa sababu mchana ilikuwa hatari hata kwa aliyepeleka. Safari moja kijana alibeba sanduku la mchezo chini ya shati. Waligawana pale pale chini, kwenye kokoto za reli. Mashujaa wawili huku, wawili kule. Majitu manne huku, manne kule. Mifupa wawili kwa wawili. Vilivyokuwa vya idadi isiyogawanyika walivibadilishana: aliyebaki alichukua shetani mwenye mabawa na Jicho Moja wawili, aliyeondoka akachukua mchawi mkuu wa maadui na Jicho Moja mmoja. Hesabu ikatoka 18 na 17. Vyombo vya nyumbani vilibaki vyote, kwa sababu kopo la maziwa lilikuwa limejaa.

Fundi anakumbuka neno moja tu la rafiki yake siku ile. Alisema: «Utanirudishia mu vacances.» Walidhani ni jambo la mpaka likizo kubwa.

Rangi

Kwa miaka kadhaa sanamu zilikaa kama zilivyotoka kiwandani. Ubao wa mchezo uliliwa na mchwa, milango ya karatasi iliharibiwa na mvua. Rangi ilianza pale kijana alipoingia kazi kwa mzee mmoja aliyechora mabango. Mzee alikuwa na desturi ya kumwachia mwanafunzi mabaki yaliyoganda chini ya makopo. Nyekundu ya duka la nyama, buluu ya kanisa, njano ya kampuni ya simu: zote zilifika kwenye sanamu kwa matone.

Kosa la kwanza lilikuwa la dawa. Kwenye mabango rangi ya mafuta inapunguzwa kwa diliyani, na diliyani hiyo hiyo inakula plastiki. Kibwengo wa kwanza kupakwa alipoteza uso wote katika dakika chache, pua na macho vikawa kama nta ya mshumaa. Fundi hakumtupa. Yumo sandukuni mpaka leo, na watoto wanaokuja humuuliza kwanza yeye kabla ya wengine.

Tangu hapo anatumia rangi ya maji, ile ya kuta za ndani, na rangi ndogo za shule akizipata. Kazi yake ina hatua zake, na hairuki hata moja.

Kwanza anaosha sanamu kwa sabuni na mswaki wa zamani, kwa maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Halafu anapaka tabaka jembamba la kijivu au jeusi mwili mzima. Jembamba kabisa, maana rangi nzito inaziba uso. Kisha anaweka rangi zenyewe: ngozi, nguo, ngozi ya mkanda, chuma. Zikikauka, anachanganya kahawia na maji mengi, karibu kama chai isiyo na nguvu, na kumwagia. Maji yale yanakimbilia kwenye mikunjo na mashimo, yanakauka humo, na ghafla mbavu za mfu zinaonekana kila moja. Mwisho anachovya brashi katika rangi ya mwanga, anaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, halafu anaipitisha juu juu. Sehemu zilizoinuka zinashika mwanga, zilizo ndani zinabaki na giza. Jicho ni nukta moja, kwa ncha ya sindano, na pumzi inazuiwa.

Anafanya haya karibu na dirisha, mchana, kwa sababu ya umeme wetu. Brashi yake ndogo kabisa ameifunga mwenyewe kwa nywele chache na uzi. Miwani ya kusomea ya marehemu baba yake inamsaidia kuona. Silaha zilizovunjika amezitengeneza upya kwa waya wa shaba uliopigwa nyundo mpaka ukawa bapa. Hivyo jitu lililozaliwa katika kiwanda cha Ulaya leo linashika mkuki wa madini ya Katanga.

Amezipaka kila moja mara tatu au nne katika maisha yake, akifuta na kuanza upya kadiri mkono unavyozoea. Mmoja tu hakumgusa tena tangu mara ya kwanza: Kafupi. Yeye alipakwa vibaya, ndevu zake nyekundu zimemwagikia kwenye shoka. Ndiye aliyekuwa shujaa wa rafiki yake katika kila mchezo. Siku ya kugawana, rafiki alimwachia.

«Hivi ni vitu vya usiku»

Sababu ya fundi kuficha jina lake ni hii. Miaka iliyopita, jirani aliingia kuomba moto akakuta mezani sanamu za mifupa zimepangwa kwenye gazeti ili zikauke. Siku mbili hazikuisha, mtaa mzima ukawa unajua kwamba fundi wa mabango anafuga wafu wadogo ndani ya sanduku. Mtoto wa jirani huyo alikuwa mgonjwa juma lile. Kikundi cha maombi kilikuja mlangoni.

Hapa kwetu si jambo la kucheka. Watu wanajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno la uchawi, na wazee waliopigwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Mke wa fundi alimwomba achome kila kitu usiku ule.

Hakuchoma. Asubuhi alitoa meza nje, barabarani, akaweka sanduku wazi, akaendelea kupaka rangi mbele ya watu wote. Aliyetaka kushika alishika. Aliyeuliza alijibiwa: plastiki, sabuni, rangi ya ukuta. Mama mmoja mzee alichukua mfu wa mifupa, akamgeuza, akaona chini ya miguu maandishi ya kiwandani, akacheka na kusema: «Muchawi gani anaandika jina ya sosyete mu makanyaki?» Kicheko kile kilifanya kazi kuliko maelezo yote. Mtoto mgonjwa alipona malaria yake. Lakini wapo ambao mpaka leo wanavuka barabara wakifika kwenye nyumba ile, na fundi anawaelewa. Kwa hiyo meza imebaki nje kila Jumamosi. Kitu kinachoonwa na wote si rahisi kukiita siri.

Vita vidogo na vita vikubwa

Kuchora vita ili kuviweka nyumbani si jambo geni katika jimbo hili. Kabla fundi huyu hajazaliwa, wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa wakichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na kuuza picha zao mlango kwa mlango kwa familia za wafanyakazi. Watu walitundika sebuleni mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki; walitundika pia viboko vya wakati wa ukoloni, na vita vya kujitenga kwa Katanga. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi, picha karibu mia moja, na mwaka 1973 na 1974 alimweleza moja moja mtafiti Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha hapa. Picha zile leo ziko katika jumba la makumbusho Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980.

Familia zilizonunua picha zile hazikuzinunua kwa sababu zilipenda kiboko au bunduki. Walizinunua ili mgeni akiingia aulize, na mwenye nyumba apate pa kuanzia kusimulia. Meza ya fundi inafanya kazi ya namna hiyo. Mtu anauliza kwa nini mashujaa ni wawili tu, na habari ya kituo cha treni inaanza.

Lakini kuna swali gumu zaidi, na liliulizwa na mama aliyekimbia vita upande wa Mitwaba. Anapanga chumba kimoja Kikula na watoto wanne, anauza mboga sokoni. Binti yake wa miaka tisa alianza kusimama mezani kila Jumamosi. Mama alimfuata akamwambia fundi: «Papa, mutoto yangu alisha ona vita ya kweli. Hii ya plastiki ni ya kazi gani tena?»

Fundi alijitetea. «Mama, hapa hakuna bunduki. Ni mapanga na mashoka ya hadithi tu.»

Mama akajibu: «Kwetu pia walikuja na mapanga.»

Fundi hakupata la kusema, na anakiri kwamba mpaka leo hajalipata. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyetoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wadogo mwaka 1913, alidai kwamba ni heri watu wazima wapigane sakafuni na vitu vya kuchezea kuliko kuua. Mwaka mmoja baadaye Ulaya nzima iliingia vitani, na vita ile ilikuja hata huku, ikachukua wapagazi wa Kongo mpaka Tabora. Vita vidogo havikuzuia vile vikubwa. Hata mji huu, ulipoitwa Jadotville, ulikuwa uwanja wa mapigano mwezi wa Septemba 1961 kati ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa na majeshi ya Katanga. Aliyeishi vita hana haja ya kukumbushwa kwa sanamu.

Basi fundi alifanya jambo dogo. Alifunga sanamu zote ndani ya sanduku, akaacha juu ya meza vyombo vya nyumbani tu.

Binti hakuuliza askari wako wapi. Alichukua kabati, akaliweka pembeni. Akaweka meza katikati. Akaweka jiko la ukutani, akauliza kwa nini wazungu wanapikia ukutani. Kuna kaburi la jiwe katika vyombo vile, na kiti cha kutesea watu. Hivyo viwili alivisukuma mbali mpaka kwenye ukingo wa meza, bila kuambiwa na mtu. Halafu akaomba rangi. Kabati alilipaka buluu, na juu ya mlango wake akaweka nukta nyeupe. Fundi alidhani ni maua. Binti alisema ni kufuli.

Imepita sasa miezi mingi. Mama bado hataki sanamu ya askari iingie chumbani kwake, na fundi hajampa binti hata moja. Lakini kabati la buluu aliliruhusu. Liko kwenye ubao juu ya kitanda, na binti anarudi kila Jumamosi kupaka kingine. Watoto wengine wa familia zilizohama wamemfuata, sita au saba. Wengine wanataka majitu na mapigano, na wanapewa, kama wazazi wamekubali. Wengine wanataka vyombo tu. Mmoja alitaka farasi, na kwa kuwa hakuna farasi ndani ya sanduku, walimtengeneza wa waya, kama vile watoto wa Katanga wanavyotengeneza magari.

Thamani

Huko Ulaya na Marekani masanduku ya zamani ya mchezo huu yanatafutwa. Watu waliokuwa watoto mwaka 1989 leo wana mishahara, na wanatafuta walichotupa mama zao. Wanachotaka ni sanduku kamili, kadi zote, kipande kisichopakwa rangi au kilichopakwa na mkono wa bingwa. Kwa hesabu yao, nusu ya sanduku iliyopakwa rangi ya ukuta na kushikiliwa kwa waya haina bei.

Na anayetaka kucheza tu hana haja ya kutafuta ya zamani. Hasbro, kampuni iliyomiliki Milton Bradley tangu 1984, iliutoa mchezo upya mwaka 2021. Mtoto wa dada ya fundi, anayeishi Ubelgiji, alitaka kumtumia. Sanduku jipya, sanamu zote, mashujaa wanne.

Fundi alimwambia asitume. Alieleza hivi: akipata shujaa mwingine mwenye upanga, sanduku litajaa, na likijaa watoto hawatauliza tena wako wapi waliokosekana. Mpwa wake alimwona mkaidi. Mke wake pia anamwona mkaidi, na anasema mchezo mpya ungewafurahisha watoto wengi kuliko huzuni ya mtu mmoja. Pengine wana haki. Kwa sasa nafasi 17 ziko wazi. Ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe amechonga vitundu 35, na kila kitundu kisicho na mtu amekiandika jina kwa penseli.

Rafiki yake, kama yu hai, ana miaka arobaini na sita pia. Familia ilipanda treni kuelekea Mwene-Ditu. Baadaye kulikuwa na neno kwamba walionekana Mbuji-Mayi, halafu hakuna tena. Fundi hajui kama kopo lilifika. Inawezekana lilipotea ndani ya behewa, inawezekana lilibadilishwa kwa chakula. Hataki mtu adhani anadai. Anasema kama rafiki yake aliziuza sanamu apate mkate, basi zilifanya kazi nzuri kuliko hizi zilizobaki.

Tangazo

Kwa wasikilizaji wa Likasi, Kamina, Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, na popote walipo watu waliopita kituo cha Likasi mwaka 1992 na 1993:

Anatafutwa mwanaume aliyekuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, aliyekaa Kikula na kuondoka kwa treni na wazazi wake na dada wawili. Alibeba kopo la maziwa lenye sanamu ndogo za plastiki 17: shujaa mwenye upanga, mwekundu, mtu wa msituni mwenye masikio marefu, mwekundu, majitu manne ya kijani, vibwengo watatu wa kijani, Jicho Moja mmoja, Mapembe wawili wa kijivu, mifupa wawili, mfu anayetembea mmoja, maiti mmoja aliyefungwa vitambaa, na mchawi mkuu mmoja wa kijivu.

Akisikia habari hii, au mtu anayemfahamu akisikia, aende kwenye redio ya jamii iliyo karibu naye na kutaja namna walivyomwita yule mfupi mwenye shoka, na ni rangi gani ya ndevu aliyokuwa akiitaka apakwe. Jina limeandikwa hapo juu, kila mtu anaweza kulisema. Rangi ya ndevu aliyoitaka haikuandikwa, na si ile aliyonayo sasa. Anaijua yeye tu na fundi.

Vyombo vya nyumbani viko 14 mezani na kimoja kwa jirani. Vinamngoja.